Dawa zimeniishia kwenye foleni ya Kasumbalesa

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, miaka 41, napeleka mizigo kutoka bandari ya Dar hadi Lubumbashi, mara nyingine Kolwezi. Niligundulika na VVU mwaka jana. Natumia TLD, kidonge kimoja kila siku saa 2 usiku, na kipimo changu cha kwanza cha wingi wa virusi kilitoka vizuri, nikaambiwa vimefubaa, yaani vimebaki vichache mno kwenye damu. Safari iliyopita nilibeba dawa za mwezi mmoja. Tukakwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, dawa zikaisha, nikakaa siku 9 bila kumeza. Dereva Mzambia alinipa vidonge vyake viwili, sikuvimeza kwa sababu havikufanana na vyangu. Sasa nimerudi na nimeanza kopo jipya, ila kliniki sijawaambia, naogopa kugombezwa. Tandiboi wangu hajui hali yangu. Mke wangu anajua, na yeye hana maambukizi. Pia kiungulia kinanisumbua, usiku nikishakula natafuna vidonge vya magnesium. Je, nimeshaharibu dawa? Nizitunze vipi njiani? Au niache masafa marefu?

JIBU: Ndugu yangu, masafa marefu usiyaache kwa sababu ya VVU. Na kwa siku hizo 9 peke yake, uwezekano ni mkubwa kwamba dawa yako bado inafanya kazi. Lakini kwenye barua yako kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nalo linanitia wasiwasi kuliko foleni ya Kasumbalesa: vidonge vya magnesium unavyotafuna usiku. Nitaanza na hizo siku 9, kisha nije huko.

TLD ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Ukiacha kumeza haziishi mwilini siku hiyohiyo, hupungua taratibu, kila moja kwa mwendo wake. Virusi vilivyojificha ndani ya seli havijafa. Dawa ikishapungua vya kutosha huanza kuzaliana, na kwa watu wengi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki 2 hadi 4. Ndiyo maana siku 9 si jambo dogo, ila pia si mwisho wa tiba. Dolutegravir ni dawa ambayo virusi hupata shida sana kuijengea usugu, tofauti na efavirenz iliyotumika zaidi miaka ya nyuma. Kuanza kopo jipya mara tu ulipofika umefanya sawa kabisa. Endelea na kidonge kimoja kwa siku. Usimeze viwili viwili ili kufidia siku zilizopita. Hazifidiki kwa namna hiyo.

Kliniki waambie. Naelewa hofu ya kugombezwa, na nasema wazi kwamba mhudumu anayemgombeza mgonjwa aliyekuja kusema ukweli anaharibu kazi yake mwenyewe. Hata hivyo, wasipojua watasoma majibu yako yajayo vibaya. Wakikuta virusi vimepanda bila kujua kulikuwa na siku 9 za foleni, wanaweza kufikiri dawa imeshindwa. Wakijua, watakupa ushauri wa kumeza dawa bila kuruka na kupanga kipimo cha wingi wa virusi baada ya takribani miezi 3 ya kumeza vizuri. Sema hivi tu: "Nilikwama mpakani, nikakosa dawa siku 9, nimesharudia, nataka kujua nipimwe lini." Hakuna haja ya kutunga msiba wa shangazi.

Hadi majibu hayo yatoke, tumia kondomu na mkeo. Mtu ambaye virusi vyake vimefubaa na vinabaki hivyo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Tafiti kubwa zilizofuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana hazikupata maambukizi hata moja yaliyotoka kwa mwenza aliyefubaza. Tatizo ni kwamba kwa sasa hujui kama bado uko kwenye kundi hilo. Mkeo anaweza kwenda kliniki akazungumza nao kuhusu dawa kinga ya PrEP, hasa kwa kuwa kazi yako ndiyo hii na foleni zitakuwepo tena.

Sasa kiungulia. Dolutegravir ina tabia ya kujishika na madini. Ikikutana tumboni na magnesium au aluminium, vilivyomo kwenye dawa nyingi za kutafuna na zile za maji meupe, hushikamana nayo, na sehemu kubwa ya dawa hupita kwenda chooni bila kuingia kwenye damu. Unameza TLD saa 2 usiku, unakula, unatafuna magnesium. Inawezekana kabisa kwamba kuna usiku mwingi ambao ulimeza kidonge, ukaweka alama kwenye kumbukumbu zako, na mwili ukapata nusu ya dawa au pungufu ya hapo. Mtu wa namna hii hushangaa sana virusi vikipanda, maana yeye anajua hajakosa hata siku moja.

Kanuni ni hii: TLD imezwe angalau saa 2 kabla ya dawa hizo za kutuliza asidi, au saa 6 baada yake. Kwako wewe, ambaye kiungulia huja usiku, naona rahisi zaidi kuihamishia TLD asubuhi. Ukitafuna magnesium saa 4 usiku na kumeza TLD saa 12 asubuhi, zimepita saa 8, uko salama. Kuhama kutoka usiku kwenda asubuhi si kazi: kubaliana na mfamasia wa kliniki, meza cha usiku kama kawaida, kisha kingine asubuhi inayofuata, na kutoka hapo ni asubuhi daima. Vidonge viwili kukaribiana mara moja ni afadhali kuliko kuacha pengo la siku na nusu. Faida nyingine ni kwamba dolutegravir huwanyima usingizi baadhi ya watu, na dereva asiyelala vizuri ni hatari kwa kila aliyeko barabarani.

Vidonge vya madini ya chuma, calcium, zinki na multivitamini vina shida hiyohiyo, ila calcium na chuma unaweza kuvimeza pamoja na TLD iwapo unavimeza na chakula. Omeprazole, dawa nyingine ya kiungulia, haina ugomvi na dolutegravir. Ila kiungulia cha kila usiku kisiishie dukani. Omba upimwe vidonda vya tumbo, kuna kipimo cha choo kinachoonyesha kama una bakteria wanaovisababisha, na ukitibiwa vizuri huenda hata hiyo magnesium usiihitaji tena.

Nije kwenye kilichokukwamisha. Ulibeba dawa za safari ya bosi. Ile ambayo ofisi inaandika kwenye karatasi: siku fulani Tunduma, siku fulani Kasumbalesa, siku fulani kushusha. Wewe unaijua njia hiyo kuliko mimi. Zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar hadi Tunduma, kisha Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Kitwe, Chingola, ndipo mpaka wa Congo. Mfumo wa forodha ukilala, nyaraka zikikosewa herufi moja, springi ikikatika, mgomo ukitokea upande wowote, hesabu ya ofisi inakufa, na dawa zako zinakufa nayo. Kwa hiyo chukua siku zilizopangwa, zizidishe mara mbili, halafu ongeza wiki moja. Safari ya siku 21 inataka vidonge 49. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya barabara ya Congo, na hata hiyo kuna siku itabana.

Vidonge hivyo utavipata wapi? Tanzania tuna utaratibu wa kutoa dawa za miezi 3, na hata miezi 6, kwa mtu ambaye tiba yake imetulia. Waambie kliniki kazi yako ni safari za nje ya nchi. Si siri ya aibu, ni taarifa ya tiba. Pengine baada ya hilo pengo watataka kwanza waone kipimo kipya ndipo wakupe za miezi mingi, na hapo usibishane, omba tu za kutosha safari iliyo mbele yako ukiwaonyesha hesabu. Mkeo akiandikishwa kuwa msaidizi wako wa tiba anaweza kukuchukulia dawa ukiwa njiani. Kama bado hujavuka, kifurushi kinafika Tunduma kwa basi. Fungeni vizuri, kwenye kopo lenye lebo, ndani ya boksi ambalo halisemi lolote.

Na Tunduma ndipo pa kuhesabu vidonge, kabla hujagonga muhuri. Ukiona vimepungua, usisubiri Zambia. Nenda CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, ukiwa na kadi yako au hata namba yako tu. Kuna kliniki Tunduma, Makambako, Mafinga, Iringa, na zinajua wasafiri. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo iliyokuwa juu kwa maambukizi katika utafiti wa kitaifa wa 2022-2023, kwa hiyo huduma ya VVU kwao ni kazi ya kila siku. Mgeni mwenye kadi husaidiwa dawa za kumfikisha nyumbani. Vivyo hivyo wakati wa kurudi: ukifika Tunduma huna dawa, pata hapohapo. Kila siku unayoisogeza ili ufike kliniki yako ya Dar ni siku ya ziada bila dawa.

Ukiishiwa ng'ambo, hospitali na zahanati za serikali Zambia hutoa dawa za VVU bure, na Ndola au Kitwe hutakosa pa kuuliza. Upande wa Congo, kwa bahati nzuri, Kasumbalesa na Lubumbashi Kiswahili kinazungumzwa, ingawa chao kina ladha yake. Uliza hospitali wanakotoa ARV, yaani dawa za VVU, neno hilo wanalijua. Kitakachokusaidia zaidi ni barua. Omba kliniki yako ikuandikie karatasi moja yenye muhuri: majina kamili ya dawa tatu na miligramu zake, tarehe uliyoanza, majibu ya mwisho ya wingi wa virusi na tarehe yake. Usiridhike na neno TLD peke yake. Nesi wa Congo anasoma Kifaransa, lakini majina ya dawa kwa Kifaransa yanakaribiana sana na haya yetu, atayatambua. Piga picha barua na kadi, ihifadhi kwenye simu, na nyingine mtumie mkeo.

Vile vidonge vya Mzambia ulifanya busara kuviacha. Zambia wapo wanaotumia TLD kama yako, na wapo wanaotumia mchanganyiko mwingine wenye tenofovir ya aina tofauti, iitwayo TAF, na emtricitabine pamoja na dolutegravir. Ni dawa nzuri, lakini wewe hukujua umeshika nini. Kidonge kilichotolewa mfukoni bila kopo hakina jina. Kama angekuonyesha kopo lenye majina yaleyale matatu na miligramu zilezile, hiyo ingekuwa dawa yako, na kwa siku mbili za dharura nisingekulaumu. Ila naye ana foleni yake, na vidonge viwili alivyokupa ni siku mbili alizozitoa kwenye tiba yake.

Kuhusu kutunza: kopo limeandikwa dawa isizidi nyuzi 30. Kabini iliyofungwa juani, pale Ruaha Mbuyuni mchana, dashibodi yake hupita nyuzi 50. Kwa hiyo si kwenye dashibodi, si juu ya kifuniko cha injini, si kwenye boksi la vyombo nje ya gari. Weka katikati ya begi la nguo, chini, mahali ambapo jua halifiki. Kijokofu cha barafu nacho hapana, kwa sababu maji nayo yanaharibu vidonge. Kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya kopo kinanyonya unyevu, kiache humohumo, na kifuniko kikazwe kila mara. Ukikuta vidonge vimeshikana, vimebadilika rangi au vinamung'unyika, usivitumie, karudishe kliniki.

Gawanya dawa sehemu mbili. Za wiki mbili zikae kwenye kibegi kinachotembea na wewe hata ukishuka kwenda forodhani, nyingine kwenye begi la nguo. Gari likiharibika porini ukapanda lifti kutafuta fundi, au ukilazwa ghafla, au kabini ikiibiwa, hutabaki mikono mitupu.

Tandiboi huna deni la kumweleza. Sauti ya vidonge vikigongana inaweza kuzimwa kwa pamba safi na kavu ndani ya kopo, na kopo likakaa ndani ya soksi kwenye mfuko wa mswaki. Lebo usiibandue, ndiyo utambulisho wa dawa mpakani na hospitalini. Kinachonihangaisha kuhusu siri ni kitu kimoja: watu huruka dozi kwa sababu mtu yuko karibu. Ukihamia asubuhi, unameza unapokwenda kuswaki, jambo ambalo halina maswali. Hata hivyo ningependa mtu mmoja unayekutana naye njiani mara kwa mara ajue, awe dereva mwenzako au ndugu aliyeko Tunduma, ili ukizidiwa kuwe na wa kumwambia daktari unatumia nini. Bosi naye hana haki ya kukulazimisha upime. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kukubagua kazini kwa sababu hiyo. Mpakani hawaulizi VVU. Wanauliza kadi ya homa ya manjano. Kama huna, ongea na kliniki kabla ya kuchanjwa, kwa sababu chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwenye CD4 (kipimo cha chembe za kinga mwilini) chini ya 200 hapaswi kupewa. Ukichanjwa mara moja, cheti hakina mwisho, ndivyo ilivyo tangu Julai 2016. Kadi za kununua vichochoroni hazikukingi na mbu wa Katanga, huko Lubumbashi.

Saa isikutishe. Zambia na Katanga wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wa kule itajibadilisha yenyewe. Meza kwa saa ya huko, saa moja haina madhara. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, isipokuwa zimebaki chini ya saa 4 kufika dozi inayofuata. Hapo subiri hiyo. Kwa anayemeza saa 12 asubuhi, mpaka saa 8 usiku bado anaweza kumeza ya siku hiyo. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, meza kingine. TLD haidai tumbo lililoshiba, usiiruke eti hujala. Na wale wanaoruka dozi ya Jumamosi kwa kuwa wamekunywa bia, wanajiumiza bure: pombe ina madhara yake mengi, lakini kidonge kinamezwa vilevile.

Dereva wengi mnaishi na mgongo unaouma, na dawa ya kimbilio ni diclofenac. Punguza sana hiyo. Tenofovir hupita kwenye figo, diclofenac huzielemea figo hizohizo, na ukiongeza kubana kunywa maji ili usisimame kila mara, unazitesa mara tatu. Paracetamol ni salama zaidi kwako. Ukiharisha njiani, na kipindupindu kimeisumbua Zambia vibaya mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, wahi chumvi ya ORS na kituo cha afya mapema. Homa ipimwe malaria, na dawa ya mseto haigombani na TLD. Ukipata kikohozi hata cha siku chache, au ukikonda, au ukitokwa jasho usiku, upimwe TB. Ukianzishiwa dawa za TB popote pale, sema unatumia dolutegravir, kwa sababu rifampicin, mojawapo ya dawa za TB, huipunguza nguvu na inabidi dolutegravir imezwe mara mbili kwa siku. Mpox iliyosambaa Congo hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura Agosti 2024 humwumiza zaidi mwenye VVU asiyetumia dawa, kwa hiyo upele wenye malengelenge usiupuuze, wako wala wa mtu unayelala naye.

Siku utakayokwenda kliniki uliza pia mambo mawili: kama uliwahi kupimwa homa ya ini aina ya B, na lini figo zako zilipimwa mara ya mwisho. Tenofovir na lamivudine hutibu pia virusi vya homa hiyo ya ini, na mwenye nayo akikatishwa dawa ghafla ini linaweza kuwaka. Ukikutwa nayo, zile siku 49 zifanye 60. Ukikutwa huna, omba chanjo yake, haina virusi hai na unaweza kuianza hata kabla ya mzigo unaofuata.